Baiskeli ya muuza samaki nayo ni baiskeli

Kijana alifika kibandani kwangu na baiskeli ya gia 21, fremu ya alumini, akakuta nimeipindua baiskeli ya Phoenix ya muuza samaki. Akasema, "Fundi, maliza huo mkokoteni unishikie baiskeli." Mwenye Phoenix alikuwa amekaa palepale, juu ya kreti la soda. Alinyamaza. Mimi sikunyamaza, na naandika kwa sababu hii ni mara ya nne mwezi huu kusikia maneno hayo.

Kinachonikera zaidi ni gia. Watu wanaamini gia inaongeza nguvu. Haiongezi. Inakupunguzia uzito kwenye pedeli na kukukata umbali, au inakupa umbali na kukudai mguu. Phoenix hii ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la inchi 28 linakupeleka karibu mita 5 na nusu. Tanga mjini ni tambarare. Kutoka Raskazone mpaka barabara za Ngamiani, mlima wa kudai gia 21 uko wapi? Na hizo 21 zenyewe ni sahani za meno 3 za mbele mara 7 za nyuma, nyingi zinarudiana. Sahani kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma zinakupa karibu kilekile unachopata kwa za katikati, tena cheni inakaa mshazari na kula meno. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe: zenye tofauti ambayo mguu utaisikia ni chache kuliko ulizolipia.

Ukipanda milima ya Amani, gia ni neema. Hapo sibishani na mtu.

Sasa huo "mkokoteni". Uma wa mbele umelala na magurudumu yamekaa mbalimbali, ndiyo maana tenga la samaki kwenye keria haliipepesui. Gurudumu la nyuma lina spoku 40 na la mbele 32, mpango wa zamani wa viwanda vya Uingereza, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Ya kijana haina hata tundu la kufungia keria. Kila moja imeundwa kwa kazi yake, basi.

Ila breki za fito za Phoenix, zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, zikilowa zinanitia wasiwasi. Raba inateleza kwenye rimu ya kromu, na wakati wa masika nawaambia wateja waanze kushika breki mapema sana. Nimebadilisha raba, nimesugua rimu, bado sijaridhika. Mtoto wa shule akija kununua ya namna hii, huwa nasita.

Jingine ni hii inayoitwa "ya kike", isiyo na bomba la juu. Mzee mmoja mwenye maumivu ya nyonga alikuwa anaanguka kila akirusha mguu kupanda. Nilipomwambia, "Shikamoo mzee, chukua hii ya kuingilia katikati," alikataa mwaka mzima akiogopa kuchekwa barazani. Mwaka mzima wa kuanguka! Bomba la juu likiondoka fremu inalegea kidogo chini ya mzigo mzito, kweli. Lakini mwenye kanzu, mwenye baibui, mama aliyebeba mtoto, mzee wa nyonga, wote wanaihitaji, pamoja na kava la cheni lisilokula nguo. Sasa mzee anaendesha. Wanaomcheka bado wapo, na nikiwakuta nawaambia waache.

Na nyinyi mnaocheka vijana wenye kaptura za kubana, acheni pia. Ile sponji ndani ina kazi. Kaa kwenye kiti chembamba saa tatu mfululizo utaielewa.

Kijana aliniuliza kama namaanisha yeye na muuza samaki ni wamoja. Nikamwambia huyu anaendesha kila siku alfajiri, mvua na jua, kutoka soko la samaki la Deep Sea mpaka Pongwe; kama yeye si mwendesha baiskeli, nani basi? Hakujibu. Alisogea, akamshikia mwenzake gurudumu nilipokuwa nafungua ekseli.

Muuza samaki alikuwa amekuja kuuliza bei ya kufungiwa gia, maana kwenye vilima vya kuelekea Pongwe anachoka. Nilimtolea friwili ya nyuma ya meno 18, nikamfungia ya 20 ili pedeli iwe nyepesi, na kuongeza kipande cha cheni. Akaondoka kabla barafu haijayeyuka.