Kwa nini Kombi ya kulala ndani haifai kufungwa matairi ya gari dogo?

Volkswagen Kombi ya kizazi cha pili, ile yenye kioo kimoja kipana mbele iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, inatumia rimu ya inchi 14. Matairi mengi ya magari madogo yanaingia kwenye rimu hiyo bila shida, tena kwa bei nafuu, na ndiyo maana wengi wanaponzwa. Tairi linaweza kuenea kwenye rimu na bado lisiweze kulibeba gari.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kutoa pesa. Saizi ya Kombi hii ni 185R14C, na karibu na hapo utakuta 102/100. Hiyo 102 inamaanisha tairi moja linaruhusiwa kubeba hadi kilo 850. 100 ni kwa magari yenye matairi mawili mawili kila upande wa ekseli moja, kwa hiyo haikuhusu. Herufi C ni ya matairi ya magari ya mizigo, yenye ubavu mgumu. Tairi la gari dogo lenye namba 91 mwisho wake ni kilo 615.

Sasa piga hesabu. Injini iko nyuma kabisa. Ongeza kitanda, kabati, jiko, mtungi wa gesi, na maji lita 50 ambayo peke yake ni kilo 50. Tuseme mzani umeonyesha kilo 1,250 kwenye ekseli ya nyuma: kila tairi linabeba 625. Tairi la 91 limeshazidiwa kilo 10, na gari bado halijalalia upande mmoja kwenye kona. Kwa hiyo lipime gari likiwa limepakiwa kila kitu, abiria wamo ndani, ekseli moja moja.

Tairi lililozidiwa, au lenye upepo mdogo, hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto hulegeza mpira ulioshikana na nyaya za chuma, na siku moja kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, inabanduka nzima gari likiwa kwenye mwendo.

Wapo wanaofunga 185/65R14 kwa kuwa namba zinafanana. Tairi hilo ni fupi kwa karibu asilimia 8: spidi mita inasoma 80 wakati gari linakwenda kama 73, na injini inazunguka zaidi bure.

Upepo wa 185R14C kwenye Kombi ni takriban psi 30 mbele na 40 nyuma, ukipimwa matairi yakiwa ya baridi. Kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Usijaze kwa kufuata namba kubwa iliyochapwa ubavuni. Hicho ni kikomo, na ukikifikia mbele usukani utayumba na tairi litalika katikati.

Gari la aina hii hukaa limeegeshwa miezi mingi, hivyo matairi huzeeka kabla ya kuwa vipara. Tafuta neno DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kuanzia mwaka wa sita kagua nyufa ubavuni na kwenye mifereji ya kashata. Likifika miaka 10, litoe hata kama kashata bado ni nene. Kagua na spea pia, maana mara nyingi ndiyo kongwe kuliko yote.