Glakoma: mshipa wa jicho huumia kabla hujajua

“Naona vizuri, macho yangu hayana shida.”

Kati ya dhana zote za macho, naiogopa hii zaidi. Glakoma ni ugonjwa unaoua mshipa wa jicho, na ile iliyozoeleka kwetu haiumi, haiwashi, na huanza kula uoni wa pembeni. Katikati hubaki safi: mtu anatunga uzi kwenye sindano na kusoma ujumbe wa simu, kumbe mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unapoteza nyuzi zake. Nyuzi hizo ni kama milioni moja, na robo hadi theluthi yake zinaweza kufa kabla kipimo cha upeo wa kuona hakijaonyesha pengo. Tena jicho moja hulifichia jingine aibu. Kusoma herufi zote ukutani unapopima miwani hakujibu swali hili, maana herufi hupima katikati tu.

“Presha yangu nimepima, iko sawa.”

Hiyo ni ya damu, ya mkononi. Presha ya macho ni ya maji yaliyo ndani ya jicho na ina kifaa chake.

“Basi presha ya jicho ikiwa ya kawaida, niko salama.”

Hapa hata waliosoma huteleza. Kawaida huhesabiwa kuwa milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini wapo wanaoharibikiwa mshipa wakiwa na 16, na wapo wenye 25 ambao mshipa wao ni mzima. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ikiwa nyembamba, kifaa husoma chini ya ukweli. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, watu 1,636 wenye presha ya juu ya macho lakini mshipa mzima walifuatiliwa. Baada ya miaka 5, asilimia 9.5 ya wasiotibiwa walikuwa wamepata glakoma, dhidi ya asilimia 4.4 ya waliotumia dawa ya matone.

Kwa hiyo omba mshipa wenyewe uangaliwe. Daktari hupanua mboni kwa matone (utaona ukungu kwa saa kadhaa, usiendeshe) kisha huangalia kishimo kilicho katikati ya kichwa cha mshipa. Kimetanuka? Ukingo wake umekonda juu au chini? Pana mchirizi mdogo wa damu? Macho mawili yanafanana? Penye mashine ya OCT, inayopiga picha ya matabaka ya nyuma ya jicho kwa mwanga, unene wa tabaka la nyuzi hupimwa kwa maikromita. Majibu ya kwanza yatunze, kwa sababu mabadiliko huonekana kwa kulinganisha. Na mashine nayo hukosea: mtu ambaye vitu vya mbali havioni vizuri kabisa bila miwani anaweza kuandikiwa nyekundu, rangi ya hatari, bila ugonjwa.

“Ni ugonjwa wa wazee.”

Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, ulikuta glakoma kwa watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma, usisubiri hata hiyo 40. Vivyo hivyo kama umezoea kununua matone yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho) dukani kila jicho linapowasha. Hayo hupandisha presha ya jicho kimyakimya.

“Wakinifanyia operesheni nitaona tena.”

Hiyo ni kwa mtoto wa jicho. Kwa glakoma, uzi uliokufa haurudi. Tiba hulinda uliobaki. Katika jaribio la hospitali ya KCMC, Moshi, lililochapishwa 2021, tiba ya leza ilifanikiwa kufikisha presha ya jicho kwenye kiwango kilicholengwa kwa asilimia 61 ya macho baada ya mwaka mmoja, na matone ya timolol kwa asilimia 31.