Kabla ya Kumwajiri Mhitimu, Tenga Saa za Kumfundisha

Biashara ndogo hapa Nairobi ikishafika wafanyakazi wanane au kumi, mwenyewe huanza kulemewa: ankara zinachelewa kutumwa, malipo ya M-Pesa yanaingia bila kujulikana ni ya nani, daftari la stoo linasema mzigo upo na rafu ni tupu. Hapo ndipo huja wazo la kuajiri kijana aliyetoka chuo kikuu, maana anaonekana nafuu. Mimi hushauri waajiri wa aina hii, na swali langu la kwanza halihusu mshahara. Nani atamfundisha, na kwa saa ngapi kila wiki?

Mhitimu anakuja na uwezo wa kujifunza. Kazi yenyewe ataijulia kwako. Kipimo ninachopendekeza ni saa tano kwa wiki mwezi wa kwanza, tatu mwezi wa pili, moja mwezi wa tatu. Mwalimu awe mtu mmoja, naye apunguziwe majukumu mengine. Saa hizo zisipopatikana, ni afadhali kutafuta mwenye uzoefu hata kama ni ghali zaidi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wahitimu wengi wanaoitwa wavivu hawakuwahi kuonyeshwa kazi.

Tangazo nalo lifuate kazi halisi. Kaa na kalamu uandike mambo matano ambayo mtu huyu atafanya kila wiki. Kwa karani wa mauzo na stoo yanaweza kuwa kutoa ankara, kulinganisha malipo na ankara, kuhesabu bidhaa kila Ijumaa, kuwapigia wateja wenye madeni, na kuandika oda za wasambazaji. Kisha ondoa sharti la uzoefu wa miaka miwili. Aliyemaliza masomo juzi angeupata wapi? Taja mshahara, saa za kazi na mahali. Anayekaa Juja au Rongai apige hesabu ya nauli na foleni za asubuhi kabla hajatuma ombi, si baada ya wiki tatu za kuchelewa.

Peleka tangazo kwa ofisi za ajira za vyuo na kwa wakuu wa idara husika, pamoja na tovuti kama BrighterMonday na Fuzu. Lifunge baada ya siku saba, la sivyo utazama kwenye maombi. Kumbuka pia kwamba mtu humaliza mitihani miezi kadhaa kabla ya mahafali. Ukisisitiza cheti chenyewe utawapoteza wazuri. Barua ya chuo ya kumaliza masomo na nakala za matokeo zatosha kwa kuanzia, halafu uzithibitishe na ofisi ya msajili wa masomo.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi ni jaribio la kazi. Wasifu wa wahitimu hufanana, na barua za maombi siku hizi huandikwa na programu za akili bandia, kwa hiyo hazikuambii mengi. Chagua watu sita hadi wanane, uwaite ofisini kwa dakika 90. Wape orodha ya malipo 20 na ankara 20 ulizozitunga mwenyewe, zenye kasoro nne za makusudi: malipo yaliyoingia mara mbili, ankara iliyolipwa kwa vipande viwili, pesa zilizotumwa kutoka simu ya mtu mwingine, na ankara ya mwezi uliopita. Waombe wamwandikie mteja mmoja ujumbe mfupi kuhusu kasoro mojawapo. Usiwape kazi halisi ya ofisi uitumie bure, wala data ya wateja wako. Kila mmoja alipwe kidogo. Shilingi 1,500 hufidia nauli na chakula cha mchana.

Watu wawili wasahihishe kila mmoja kivyake, majina na vyuo vikiwa vimefunikwa. Kugundua kasoro ni nusu tu ya alama. Nusu nyingine nampa anayeandika kando, "Hii sina hakika, ningemuuliza mteja." Anayebahatisha ili karatasi ionekane safi ndiye atakayebahatisha na pesa zako.

Mahojiano sasa yanakuwa mafupi, dakika 40, maswali yaleyale kwa wote. Mrudishe kwenye jaribio lake: kwa nini ulianza na hili, ungefanya nini kama mteja angekataa? Habari za ndoa, mimba na kabila ziache kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi kama hiyo. Vyeti vya uidhinisho, kama kile cha tabia njema, pia visubiri. Marekebisho ya 2022 yanamzuia mwajiri kuvidai kabla hajakusudia kumpa mwombaji mkataba wa maandishi. Ni haki, maana kijana asiye na kipato alikuwa akitumia maelfu ya shilingi kwa kazi asiyoipata.

Sasa pesa. Kwa viwango vya 2025, mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 2,400, bima ya afya ya jamii 1,100, tozo ya nyumba 600 na kodi ya mapato kama 3,153. Mkononi zinabaki takribani 32,747. Wewe unaongeza NSSF 2,400, tozo ya nyumba 600 na shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani; pamoja na mshahara, jumla ni 43,050 kwa mwezi. Kodi iwe imefika KRA, mamlaka ya mapato, si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kama alisoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, makato ya mkopo nayo yanapitia kwako. Mwonyeshe hesabu hii kabla hajatia sahihi, kwa sababu mhitimu akisikia 40,000 mara nyingi anapanga nyumba kana kwamba zote 40,000 zitafika mkononi.

Kazi ya miezi mitatu au zaidi inahitaji mkataba wa maandishi. Kipindi cha majaribio baada ya kuajiriwa kisizidi miezi sita, na kukiongeza kunahitaji ridhaa yake. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka. Andika humo pia mshahara utakaopanda akithibitishwa, kwa mfano hadi 45,000. Bila hilo, atajifunza kazi yako vizuri kisha aende benki au shirika lisilo la kiserikali.

Miezi mitatu ya kwanza huharibika kwa njia zinazojulikana. Anapewa mabosi watatu, kila mmoja akidai kazi yake kwanza. Anageuzwa mtu wa kutumwa mjini. Makosa yake yanarekebishwa kimya kimya usiku, asijue alikosea wapi. Au anapewa nywila ya kulipa wasambazaji kabla hajaelewa ankara. Wiki ya kwanza atazame na kuandika hatua. Ya pili afanye akiwa ameketi na mwalimu. Ya tatu afanye peke yake, kazi ikaguliwe kabla haijatoka. Malipo yaidhinishwe na mtu wa pili hata mwaka ukiisha.

Uamuzi wa kumthibitisha ufanyike mwezi wa tano, kwa maandishi, ukipima yale mambo matano ya tangazo. Notisi wakati wa majaribio ni angalau siku saba, lakini usidhani unaweza kumfukuza bila neno: mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba aliye katika majaribio naye ana haki ya kusikilizwa. Mweleze kasoro, msikilize, weka kumbukumbu, na umpe wiki nne zilizobaki azirekebishe.