Kabla Karo Hazijabandikwa: Kukarabati Bafu kwa Mikono Yako Hapa Goma

Ninapoitwa kuangalia bafu lililoharibika, kitu cha kwanza ninachofanya ni kupiga magoti na kugonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, karo moja baada ya nyingine. Karo iliyoshika vizuri hutoa mlio mfupi na mzito, na ile yenye uwazi chini yake hulia kama kopo tupu. Hapo ndipo mwenye nyumba, aliyekwisha kuchagua rangi ya karo mpya, anapoanza kuninyamazia, kwa sababu ametambua kwamba sehemu kubwa ya fedha zake itazama mahali ambapo mgeni hataiona.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kukarabati bafu lake mwenyewe. Kubandika karo si uchawi, na mtu mvumilivu hujifunza kwa siku mbili. Ninachogombana nacho ni ule utaratibu wa kuanza na karo. Karo na simenti iliyo katikati yake hazizuii maji. Huyapunguzia kasi tu. Kinachozuia maji ni mteremko wa sakafu na ile ngozi ya dawa ya kuzuia maji inayopakwa chini ya karo, na vyote viwili vikikosewa huwezi kuvirekebisha bila kubomoa.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko mahali ambapo watu huoga wakiwa wamesimama ndani ya kibanda cha kioo. Bomba likikauka tunaoga kwa beseni na kopo, maji yakitoka kwenye bidoni ya lita 20, nayo huruka hadi kwenye mlango. Kwa hiyo sakafu nzima, si kona moja, ihesabiwe kuwa mahali pa kuogea, nayo ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji.

Mteremko huo ndio unaowashinda wengi, kwa sababu sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na katika mitaa iliyofunikwa na lava ya Januari 2002 kuchimba njia ya bomba ni kazi ya nyundo na patasi kwa siku kadhaa. Bomba la mita 3 linaloshuka sentimita 2 kwa mita linadai sentimita 6, kabla hujahesabu unene wa bomba lenyewe na kina cha sifoni, ile sehemu iliyopinda chini ya tundu, ambayo inapaswa kubaki na maji ya kama sentimita 5 ili harufu ya shimo isipande ndani. Mara nyingi ni nafuu kuinua sakafu kuliko kupasua mwamba. Lakini sakafu iliyo juu kuliko ukumbi itamwaga maji ukumbini, hivyo jenga kizingiti mlangoni, na ukipake dawa ileile ya kuzuia maji.

Kisha kuna nyufa. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi, na kuta nyingi bado zina alama zake. Usizibe ufa kabla ya kujua kama umetulia. Weka juu yake kipande chembamba cha plasta ya jasi, kikishika pande zote mbili, andika tarehe kwa penseli, uache wiki kadhaa. Mafundi tunakiita shahidi. Kikipasuka, ukuta bado unasogea, na karo utakazobandika hapo zitapasuka vilevile. Kikibaki kizima, panua ufa kwa patasi, ondoa vumbi, jaza, kisha funika kwa ukanda wa wavu wakati wa kupaka dawa.

Dawa yenyewe hupakwa mara mbili, mkono wa pili ukikatiza ule wa kwanza baada ya kukauka. Pandisha angalau sentimita 15 kwenye kuta zote, na kwenye ukuta wa pale mnaposimama kuoga ufike mita 2. Katika nyumba yangu mwenyewe, nilipokuwa kijana mwenye haraka, niliishia usawa wa sakafu. Baada ya miezi michache ukuta wa chumba cha watoto ulianza kutoa ukungu mweusi nyuma ya kitanda, na nikabomoa karo ambazo nilikuwa bado ninalipia deni lake.

Tangu hapo sibandiki karo hata moja kabla ya jaribio. Ziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mwaga maji hadi yafunike sehemu ya juu kabisa ya sakafu, chora mstari wa penseli ukutani, uondoke kwa saa 24. Maji yakishuka chini ya mstari, yamepata njia.

Kuhusu karo zenyewe sina mengi. Nunua asilimia 10 zaidi, zote zenye namba ileile kwenye katoni, na za sakafuni zisiwe za kung'aa. Paka gundi kwa mwiko wa meno, sakafu yote. Yale matonge matano ya simenti chini ya karo ndiyo yanayolia kama kopo. Umeme mwachie mwenye kazi yake, naye aweke disjonkta diferansieli ya miliamperi 30, ile swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja.

Mwisho ni kona, pale ukuta unapokutana na sakafu. Usijaze simenti hapo, kwa maana vitu hivyo viwili havisogei pamoja. Weka silikoni, nayo iachwe ikauke siku nzima. Siku hiyo mtaoga kwa jirani.