Mshindi wa polepole si mkimbiaji dhaifu

Miongoni mwa wapenzi wa riadha wanaotazama mazoezi katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, imezoeleka hoja kwamba fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, ilikuwa ya wakimbiaji dhaifu. Ushahidi unaotolewa ni wa kweli: Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda kwa dakika 3 na sekunde 50.00, ilhali wiki chache baadaye, katika Paralimpiki, michezo ya wanamichezo wenye ulemavu, wakimbiaji wanne wenye uoni hafifu walimaliza umbali huohuo chini ya muda huo.

Kinachokosewa ni tafsiri. Fainali ya ubingwa haina mkimbiaji wa kuongoza kasi, na medali haitolewi kwa muda bali kwa nafasi, hivyo hakuna aliyetaka kwenda kasi mbele na kuwakinga wenzake upepo. Centrowitz, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amekimbia dakika 3 na sekunde 30.40, alishika uongozi, akapunguza mwendo makusudi na kubana mstari wa ndani. Aliyetaka kumpita kwenye kona akiwa njia ya pili angeongeza takribani mita 3.8. Mzunguko wa mwisho aliumaliza kwa sekunde zipatazo 50.6, kasi ambayo mtu dhaifu haiwezi kabisa.

Filbert Bayi wetu, katika mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, aliongoza pia tangu mwanzo, ila kwa kasi kali, akavunja rekodi ya dunia. Nayo ilikuwa mbinu.