Je, sumu ya silaha za kemikali huisha yenyewe ardhini?

Wengi huamini kwamba kombora la sumu likikaa ardhini miaka mingi, sumu hufifia na chuma huliwa na kutu, mambo yakaisha. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Dawa nyingi za dukani huisha nguvu.

Lakini tuangalie China, ambako jeshi la Japani liliacha silaha hizi Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha mwaka 1945. Gesi ya haradali, mojawapo ya sumu hizo, kwa kweli ni kimiminika kizito chenye mafuta. Ikitoka huweza kujifunga utando mgumu juu, huku ndani ikibaki kali. Aseniki nayo, iliyomo katika baadhi ya silaha hizi, ni elementi, haiozi. Agosti 2003 huko Qiqihar, mji wa kaskazini-mashariki mwa China, mapipa ya gesi ya haradali yalifukuliwa kwenye ujenzi. Mtu mmoja alikufa na zaidi ya 40 wakaumia, takriban miaka 60 baadaye. Inauma sana. Kutu ndiyo hasa huzidisha hatari, kwa kuwa hutoboa ganda.

Ukitaka kuhakikisha, soma mwenyewe Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kutumika 1997: nchi iliyoziacha ndiyo hugharamia uteketezaji. Kisha linganisha tarehe za mwisho zilizopangwa za kuteketeza silaha hizo za China na zilivyosogezwa: 2007, 2012, 2022.