Sukari Ikishuka Ukiwa Kwenye Usukani

Ukishaipita Urambo na Kaliua kuelekea Kigoma, miombo inatanda na vijiji vinaachana. Dereva mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari), akipigie hesabu kipande hicho kabla hajawasha gari.

Pima sukari kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya 5 mmol kwa lita, kula kwanza. Ikiwa chini ya 4, usiendeshe. Safari ikiwa ndefu, rudia kupima kila baada ya saa 2. Kosa kubwa ni kuchoma sindano nyumbani kisha kusogeza chai mbele: "Nitakunywa Urambo." Urambo abiria wana haraka, chai inahamia Kaliua. Insulini haijui habari za abiria, inaendelea kushusha sukari.

Dalili za mwanzo ni jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla. Ukizipuuza, ubongo unaanza kukosa nguvu: macho yanaona ukungu, gari linayumba, maneno yanavurugika, na mtu mpole anakuwa mkali bila sababu. Abiria watasema amelewa. Utingo anayejua hali ya dereva wake hatakubali haraka hivyo, atamsihi asimame.

Basi simama mapema, wakati akili bado ni yako. Toka barabarani upande wa kushoto, washa taa za tahadhari, vuta hendibreki, zima gari, chomoa ufunguo na uhamie kiti kingine. Kisha kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haitakusaidia), au koroga vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji. Kijiko kikubwa cha asali nacho kinatosha, na kwa mtu wa Tabora sioni kisingizio cha kuikosa. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula muhogo au mkate ili isiporomoke upya.

Hapa ndipo madereva wengi hubishana nasi: usirudi kwenye usukani mpaka zipite dakika 45 tangu sukari ifike 5. Kipimo kinaweza kusoma vizuri wakati ubongo bado haujatulia.

Aliyezimia asilishwe wala kunyweshwa chochote, hata asali, kitampalia. Mlazeni ubavu, pigeni 112, na kama hakuna mtandao, msimamisheni mwenye gari yeyote awawahishe kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Soda na asali vikae mkono unapofika, si kwenye buti. Insulini nayo isiachwe kwenye dashibodi juani, maana ikizidi nyuzi 30 huanza kuharibika. Na kabla basi halijatoka stendi, mwonyeshe utingo ulipoviweka vyote.